Lindsay Trewhella Aliteleza

Yule mzee mrefu anayesimama golini Warrengal kila Jumamosi, koti jeupe, bendera mbili, mguu wa kushoto ameunyoosha kama mguu wa meza, ndiye Lindsay Trewhella. Watoto wakiambiwa kwamba babu huyo zamani alikuwa anaruka, wanaangalia lile goti halafu wanacheka. Basi wacheke. Mwaka 1974 babu huyo alikuwa na miaka kumi na tisa, na katika ligi nzima ya ukanda wa ngano wa Australia hapakuwa na mtu wa kumsogelea.

Alikuwa anapanda watu. Yaani hivyo hivyo, anawapanda. Ule mpira wa yai umepigwa juu, mabeki wawili wanausubiri mikono hewani, Lindsay anatoka nyuma mbio, goti la kushoto linatua begani kwa mmoja, na kabla huyo mmoja hajajua amebeba nini, kijana yuko juu yake kama jogoo juu ya bati, mpira mikononi. Kwenye mchezo wetu hiyo si faulo, hiyo ni sifa, na ukidaka hivyo unapewa kupiga bila kusumbuliwa na mtu. Pikapu zote zilizopangwa kuzunguka uwanja zinapiga honi mpaka mbwa wanabweka. Aliyepandwa anainuka na matope mdomoni, na mara nyingi anainuka na ngumi.

Ngumi zilikuwepo, tusidanganyane. Enzi zile mechi bila damu ilikuwa kama chai bila sukari. Lindsay alivunjwa pua akiwa na miaka kumi na sita, ikavunjwa tena alipofika kumi na saba, hiyo ya pili ikanyoosha ile ya kwanza, akasema afadhali sasa anapumua. Naye hakuwa malaika. Kuna beki mmoja alimvuta kaptura, akageuka akamchapa kiwiko, yule beki akameza kipande cha jino na kuomba maji ya kushushia.

Mama yake, Merle, ndiye aliyekuwa bosi wa jiko la klabu, pai za nyama na chai. Mjane. Mumewe alikufa kwa trekta kumpindukia, lakini mji mzima ulimkumbuka kwa jambo lingine kabisa. Mwaka 1951 beki wa timu pinzani alimng'oa meno matano kwa ngumi moja, mpira ukiwa mbali kule. Kamati ya nidhamu ilipomwita aseme nani kampiga, mzee Trewhella akasema meno yale yalikuwa yanamsumbua tangu utotoni, na kama kuna mtu kayatoa basi anamshukuru. Ukumbi ulicheka, yule beki akaachiwa, na jioni ile wakanywa bia pamoja, mmoja akinywa kwa mrija.

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria. Haijaandikwa popote lakini kila mtu kaimeza. Ya uwanjani yanabaki uwanjani. Ukivunjwa, unalipa kwa ngumi mwakani. Humtaji mtu mbele ya kamati. Kumtaja mtu kulikuwa kubaya kuliko kumuua.

Sasa, mwaka ule wa 1974, kuna jamaa wa mjini mwenye kofia pana alikuja Jumamosi tatu mfululizo, anakula pai amesimama, haongei na mtu, anaandika kwenye kijidaftari. Wiki ya nne ikaja barua. Klabu kubwa ya Melbourne inamtaka Lindsay aende kufanya nao mazoezi mwezi wa kumi na moja, na akifaa, jezi ni yake. Merle aliichomeka barua nyuma ya saa ya ukutani, halafu kila mgeni akiingia, yeye Merle anauliza ni saa ngapi ili apate sababu ya kuelekea pale.

Ilibaki mechi moja ya ligi na fainali tu. Ile ya ligi ilikuwa dhidi ya Minapool, na Minapool walikuwa na Neville Pocock.

Pocock alikuwa fundi wa kukata manyoya ya kondoo, miaka thelathini na moja, shingo hana, kichwa kimeota moja kwa moja mabegani. Jezi namba kumi na nne. Kwenye timu yake kazi yake haikuwa mpira, mpira alikuwa anaugusa kwa bahati mbaya. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba mchezaji mzuri wa timu nyingine anaikumbuka siku hiyo.

Mpaka mapumziko Lindsay alikuwa kafunga mabao sita, matatu kati ya hayo akiwa amesimama juu ya Pocock kama amepanda kisiki. La tatu lilikuwa baya zaidi, maana njumu zilimpasua Pocock sikio na damu ikamshuka mpaka kwenye kola. Pocock hakujifuta. Alimsogelea kijana taratibu, akamwambia, "Panda vizuri leo, dogo. Kesho utapanda ngazi kwa makalio."

Lindsay akamjibu kwamba mabega yake ni mapana sana, akienda mjini atayakosa. Waliokuwa karibu na uzio wakaangua kicheko, mmoja akapiga honi. Hapo ndipo ungemwambia kijana nyamaza. Lakini nani aliwahi kumwambia mtu wa miaka kumi na tisa nyamaza akasikia?

Robo ya tatu ilianza. Mpira ukaenda upande wa pili wa uwanja, mita mia na hamsini kutoka pale aliposimama Lindsay. Wachezaji wote, marefa wa kati wote, watu wote ndani ya pikapu, vichwa viligeukia kule. Mtu mmoja tu hakugeuka, mzee Eustace Wragge, refa wa goli, mfanyakazi mstaafu wa posta, ambaye kwa kazi yake haruhusiwi kuondoka kwenye mstari wake hata nyoka akipita.

Wragge aliona kila kitu. Pocock alikuja kwa ubavuni, hatua tano, hajanyanyua hata ngumi. Lindsay alikuwa amekanyagia mguu wa kushoto, njumu zimezama kwenye matope, akitazama mpira ulipo. Pocock alijishusha na kuutupa mwili wake wote, nyonga kwanza kisha buti, kwenye lile goti. Goti likaenda upande ambao goti haliendi. Mlio wake, mzee Wragge alikuja kusema, ulikuwa kama waya wa uzio unaokatika ukiwa umevutwa sana, tang, kisha kijana akaanza kulia kama ndama.

Halafu ikawa vurugu. Wachezaji wa timu zote mbili wakakutana pale pale alipolala Lindsay, na katika kupigana wakamkanyaga mkono na mbavu. Jamaa wa Warrengal alimpiga mtu wa Minapool kichwa, wote wawili wakaanguka. Watazamaji wakatoka kwenye pikapu, mmoja na spana ya gurudumu mkononi. Refa wa kati alipuliza kipenga mpaka mtu akamsukumia kipenga chenyewe ndani ya mdomo. Merle alitoka jikoni mbio na birika kubwa la chai, akavuka uzio na aproni yake, akamlenga Pocock, akamkosa, birika likampata refa wa pembeni kisogoni. Ukoo wa huyo refa mpaka leo haunywi chai Warrengal.

Pocock yeye alikuwa amekaa chini kwenye nyasi pembeni, anajifuta sikio.

Mzee Wragge akatoa kitabu chake, akaandika: namba kumi na nne, Minapool, kwa makusudi, mbali na mpira. Sahihi. Maana yake Jumanne kamati itakaa.

Jumanne hiyo Lindsay alitolewa hospitali kwa saa tatu tu, mguu umefungwa kuanzia nyonga mpaka kisigino, akalazwa nyuma ya pikapu ya kocha. Kocha ni Clarrie Duggan, mwenye bucha, mtu wa maneno machache na mikono inayonuka mafuta ya kondoo. Walipofika mbele ya ukumbi wa mji Clarrie alizima gari akazunguka nyuma. Alimkumbusha kwamba Jumamosi ni fainali, ni Minapool tena, vijana watayamaliza wenyewe. Kisha akasema lile alilokuja kulisema.

"Utawaambia uliteleza."

Lindsay akauliza, na mzee Wragge je, si ameona?

"Wragge ni refa. Wewe ni Trewhella."

Basi. Ukiambiwa hivyo, na baba yako ndiye yule wa meno matano, utasema nini?

Ndani kulikuwa na wazee watatu nyuma ya meza ndefu, mwenyekiti wao Bwana Haddrick wa duka la mbegu, na katibu na kitabu kikubwa cha kumbukumbu. Pocock alivaa tai. Watu wamejaa mpaka madirishani. Haddrick alimuuliza Lindsay nani alimuumiza. Lindsay akamtazama Pocock, na Pocock akatazama dari, ametulia kabisa, kama mtu anayesubiri basi analojua litakuja.

"Hakuna mtu," Lindsay akasema. "Niliteleza. Goti lilijikunja lenyewe."

Katibu akaandika neno kwa neno. Haddrick akamgeukia mzee Wragge, akamuuliza kwa upole wa kuudhi kama miwani yake bado ina kazi. Ukumbi mzima ukacheka. Wragge akasimama, masikio yamekuwa mekundu, akasema aliona alichokiona. Wakacheka zaidi. Mwezi haukuisha ligi ikamwambia aziweke bendera chini, macho yamezeeka. Miaka ishirini na mbili kwenye ule mstari, akaondoka kama mwongo. Watoto wakimuona barabarani walikuwa wanaweka vidole machoni kama miwani.

Pocock aliachiwa. Mlangoni akampiga Lindsay begani, akamwambia baba yake angejivunia. Jumamosi akacheza fainali, akavunja pua mbili na ubavu mmoja, Minapool wakabeba kombe.

Na Lindsay? Daktari alimpasua, akashona kilichoshoneka, akamwambia akitulia mwaka mzima bila kulizungusha goti, ataruka tena. Mwaka mmoja si kitu, alikuwa na miaka kumi na tisa. Akawaandikia Melbourne akiwaomba wamsubiri.

Jibu lilikuja Oktoba. Merle alilifungua kwa kisu cha siagi, akasoma, akakaa. Mjini walikuwa wamesikia, wakaomba nakala ya kumbukumbu za kamati, wakapewa. Waliandika kwa heshima kweli. Wachezaji wengi wa klabu yao wamewahi kuvunjwa, na waliovunjwa huwa wanasubiriwa. Lakini kwa kuwa yeye mwenyewe ameieleza kamati kwamba goti lilijikunja bila kuguswa na mtu, madaktari wao wanaona ni goti lenye udhaifu wa kuzaliwa, na goti la namna hiyo hawawezi kulichukua. Wanamtakia kila la heri.

Lindsay aliisoma mara nne. Aliutoa ule mpango wake wote wa kuwa mwanamume mbele ya kamati, akaugeuza huku na huku, akaona alichofanya. Alikuwa amejikata mwenyewe kwa kisu cha baba yake.

Merle akasema waandikie ukweli. Lakini nani angemwamini? Kitabu kinasema kateleza. Mwenye uwezo wa kubadilisha lile neno alikuwa mtu mmoja tu duniani.

Wakati ule wa mwaka Pocock alikuwa kwenye banda la manyoya huko nje ya Minapool, wakataji sita kwenye mstari, mashine zinanguruma, kondoo wanavutwa kwa miguu ya mbele. Lindsay aliingia na magongo yake mawili. Pocock alimuona, akamaliza kondoo aliyekuwa naye taratibu, tumbo, mgongo, shingo, akamsukuma kwenye ule mteremko wa mbao unaowapeleka nje walionyolewa. Ndipo akazima mashine. Wengine nao wakazima, maana hakuna aliyetaka kukosa.

Lindsay aliomba. Alikuwa amejifunza maneno njiani. Hataki kamati, hataki mtu afungiwe, anataka mstari mmoja tu wa barua kwenda mjini: mimi ndiye niliyemvunja. Hakuna mtu wa ligi atakayejua.

Pocock alisikiliza mpaka mwisho, akajikuna lile sikio lenye kovu.

"Mbele ya watu mia mbili ulisema sikukugusa," akasema. "Mimi ni nani nikufanye mwongo?"

Mstari mzima ukaangua kicheko. Mmoja akasema mwacheni, atateleza tena. Na hapo ndipo Lindsay alipomzungushia gongo la kwanza. Lilimpata Pocock juu ya jicho, likapasua, damu ikamjaa uso. Pocock wala hakurudi nyuma. Aliudaka mguu wa gongo la pili akauvuta, kijana akaanguka chali kwenye manyoya, kisha akamshika kwa ukosi na mkanda kama anavyoshika kondoo, akampiga ngumi mbili za mbavu zenye sauti, akamburuta mpaka kwenye ule mteremko na kumsukuma. Lindsay aliteremka kwa mgongo mpaka nje, akatua katikati ya kondoo walionyolewa, weupe, wanaotetemeka, wanamkanyaga kifuani na kwenye plasta ya mguu. Magongo yakafuata. Kule juu mashine zikawashwa tena.

Alilala pale muda. Kondoo mmoja alimnusa uso akaondoka.

Kuanzia siku ile aliacha kuongea kuhusu Melbourne. Alikata plasta mwenyewe mapema, kwa mkasi wa Merle wa kukatia kuku. Akaanza kutembea kwenye vilima vya mchanga nyuma ya shamba, halafu kukimbia, halafu kukimbia na gunia la ngano mgongoni. Daktari alisema mwaka; yeye Juni akaenda kwa Clarrie kuomba jezi. Clarrie akalibonyeza goti kwa vidole vya bucha, akasema halijakaa. Lindsay akasema litakaa dakika moja, na dakika moja inatosha. Kocha akamtazama, akaelewa, akampa jezi. Hiyo nayo ilikuwa ndani ya sheria. Unalipa mwakani.

Minapool walikuja Jumamosi ya pili ya Juni. Hapakuwa na nafasi ya kuegesha. Watu walitoka miji mitatu, na hakuna hata mmoja aliyekuja kuangalia mpira. Pocock alisimama pembeni ya duara la kati, kovu jipya juu ya jicho, anatafuna kitu. Akamuuliza Lindsay mguu unaendeleaje. Lindsay akahesabu hatua zilizokuwa kati yao.

Refa aliudunda mpira chini kwa nguvu, ukapaa, watu warefu wakaruka. Lindsay hakuuangalia. Kwa mara ya kwanza maishani mpira uko hewani juu yake na yeye haoni haja. Alikimbia hatua kumi na tano, mbele ya marefa wote, mbele ya mama yake na birika lake, mbele ya mzee Wragge aliyesimama nyuma ya uzio na kofia ya kawaida kama mtazamaji tu. Pocock alimuona akija. Ana sifa yake, hakukimbia, alijiandaa. Lindsay akaukita mguu wa kushoto ardhini, akazungusha bega na kiwiko vyote kwa pamoja, akampata taya.

Taya lilivunjika pande mbili. Meno yalitoka na mate na damu, Pocock akaenda chini kama gunia lililokatwa kamba. Na katika ule ule mzunguko, mguu umezama kwenye matope, hakuna mtu aliyemgusa, hakuna mtu aliyekuwa hata karibu naye, goti la Lindsay likafanya tang.

Walilala kila mmoja hatua mbili kutoka kwa mwenzake. Juu yao wengine wakaanza kuuana, ngumi, viatu, mtu kang'atwa shavu, na wao wawili wanatazamana kupitia miguu ya watu. Pocock hawezi kufunga mdomo. Lindsay hawezi kukunja mguu. Kijana akajua pale pale kwamba basi, hili halishoneki tena. Na akaanza kucheka, kicheko kibaya, kwa sababu lile alilowadanganya wazee watatu mwaka jana ndilo limetokea sasa hivi, neno kwa neno.

Jumanne, ukumbi ule ule. Wazee wale wale, kitabu kile kile. Safari hii mshitakiwa ni Lindsay, kwenye kiti cha magurudumu, na aliyeumizwa ni Pocock, taya limefungwa kwa nyaya, uso umevimba kama boga. Haongei, kapewa kalamu na karatasi. Haddrick akamuuliza nani alimpiga. Watu mia sita walikuwa wameona. Pocock akaandika polepole, akakisukuma kikaratasi mezani, mwenyekiti akakisoma kwa sauti.

"Niliteleza."

Ukumbi ulilipuka. Ulikuwa mzaha mtamu kuliko wote ambao ligi ile iliwahi kuusikia. Watu walipiga miguu sakafuni, Clarrie Duggan mwenyewe anafuta machozi. Na Pocock, juu ya zile nyaya, akamtazama Lindsay kwa macho ya kumaliza: haya, dogo, tumelipana, twende tukanywe kwa mrija.

Kilichobaki ni Lindsay kunyamaza tu. Angekuwa shujaa. Angekuwa baba yake. Kila baa kutoka Warrengal mpaka Minapool ingemwekea kiti maisha yake yote.

Lakini alikuwa anamwangalia katibu, ile kalamu inayoteremka tena kwenye karatasi kuandika uongo wa pili chini ya ule wa kwanza. Na mlangoni, nyuma ya watu, alisimama mzee Wragge, hacheki.

Lindsay akaomba kuongea. Haddrick akamwambia haina haja, kijana, kesi imekwisha. Akaongea hivyo hivyo.

"Hakuteleza. Nilimpiga mimi, kwa makusudi, na nilikuwa nataka afe. Na mwaka jana mimi sikuteleza. Alinivunja yeye. Mzee Wragge aliona vizuri, mimi ndiye niliyedanganya. Hilo la goti kujikunja lenyewe andikeni Jumamosi hii iliyopita, ndiyo siku yake."

Kicheko kilikatika kama taa. Mtu mmoja nyuma akasema neno ambalo huku kwetu huitwa nalo mtu anayewataja wenzake, na Lindsay angeitwa hivyo kwa miaka mingi. Haddrick akauliza kama anaelewa anachofanya. Akasema anaelewa. Akaomba ukurasa wa mwaka jana ufunguliwe. Wazee wakanong'onezana, hawakutaka, lakini katibu, mtu wa vitabu, alishafungua. Alipiga mstari mmoja kwa rula, akaandika juu yake, akaweka tarehe.

Pocock alikivuta tena kile kikaratasi. Akakata neno lake, akaandika lingine chini, akamwonyesha Lindsay peke yake. Lilisema: Mjinga.

Wakamfungia Lindsay mechi kumi na sita, kwa mguu ambao usingecheza hata moja. Pocock, kwa la mwaka uliopita, akafungiwa nane, na akamaliza msimu akinywa supu. Melbourne waliandikiwa, hawakujibu, na kusema kweli hapakuwa na cha kujibu, goti lilikuwa limeshakwisha.

Clarrie alimrudisha nyumbani na pikapu. Walipofika alimsaidia kushuka, akamsimamisha kwenye magongo, ndipo akasema, "Usije klabuni kwa muda." Merle akamsikia kutoka mlangoni, akamwambia Clarrie kwamba basi na pai za Jumamosi atapika yeye mwenyewe. Klabu ilikula mkate mkavu misimu miwili.

Lindsay alipata kazi kwenye maghala ya ngano, kupima malori yanayoingia. Madereva walikuwa wanashusha kioo, wanampa karatasi, hawamsalimii. Mwaka mzima hivyo. Siku moja akaja mtu kwa miguu kwenye lile jua, mfuko wa karatasi mkononi. Mzee Wragge. Ligi ilikuwa imemwomba radhi na kumtaka arudi golini, akawaambia sasa hivi kweli haoni vizuri. Akaweka mfuko juu ya mizani. Ndani kulikuwa na koti jeupe limepigwa pasi, na bendera mbili.

Lindsay akamwambia hawatamkubali, yeye si wanamuita lile jina.

"Ndiyo kazi yenyewe hiyo," mzee akasema. "Haihitaji goti. Inahitaji mtu asiyegeuza shingo."

Wapo golini mpaka leo, lile koti na yule mtu. Msimu uliopita kijana mmoja alimpiga mwenzake ngumi ya kisogo, mpira uko mbali kule, watu wote wametazama kwingine. Kijana akageuka, akamkuta mzee Lindsay anamtazama tu, tayari ametoa kitabu. Akamlilia, babu, si unanijua, mimi ni mjukuu wa dada yako. Lindsay akamuuliza namba yake ya jezi, ingawa aliiona.